Mtoto Analilia Jina

Asumini,

Usianze kucheka. Najua utasema, "Mama kaniandikia barua, na mimi nalala chumba cha pili!" Ndiyo, nimekuandikia. Wewe na mimi tukikaa kuzungumza, salamu inakwenda vizuri, habari ya mboga inakwenda vizuri, halafu mmoja anasema neno, mwingine anainua kidevu, na majirani wanasogeza vigoda waje kusikiliza. Leo sitaki wasikilize. Nataka niseme mpaka mwisho bila kukatizwa, na wewe uvumilie mara moja katika maisha yako. Karatasi hizi utazikuta juu ya begi lako ukirudi. Soma kabla hujalala.

Umekwenda Ruangwa mjini kusukwa, na ninavyokujua hutarudi kabla ya magharibi. Mwanao amelala hapa pembeni yangu kwenye mkeka, mdomo wazi. Kesho mumeo anakuja na bodaboda kuwachukua, mwende Mtua mkaanze maisha yenu. Haya. Mambo ya mume sikwambii, hayo kungwi wako alikuimbia mpaka sauti ikamkauka. Kupika unajua. Kuishi na mama mkwe utajifunza, na usipojifunza utafundishwa. Mimi nataka tuzungumze jambo moja tu, jina la mtoto huyu.

Umempa jina langu. Nkowe nzima ikasema, "Loo, Asumini anampenda mama yake, kampa jina lake!" Wakaja kunishika mkono, na mimi nikacheka nao. Lakini wewe na mimi tunajua ulichofanya. Usinifundishe kazi niliyoianza mimi.

Nianzie kwa aliyenizaa mimi. Bibi yako, yule Asumini wa kwanza, alinizaa mwaka ambao baba yangu aliondoka. Alikwenda Nachingwea na magunia ya ufuta, akakuta mwanamke huko, hakurudi. Mimi hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Mama akaniangalia akasema, "Huyu kaja na tabu yake," na jina likawa hilo. Si kitu. Huku kwetu watu wanaitwa Tabu, Shida, Sijaona, na wanaishi, wanacheza ngoma, wanaolewa. Ubaya haukuwa kwenye jina, ulikuwa kwenye sauti. Mama yangu hakuwa ananiita, alikuwa ananilalamikia. Akisema "Tabu!" hata kuku walikuwa wanakimbia.

Alinipiga kwa mwiko, kwa kuni, kwa kandambili, kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono. Na mimi sikuwa mtoto wa kulia nikajikunyata. Akinipiga asubuhi, jioni mtungi umevunjika. Akininyima chakula leo, kesho unga una mchanga. Anawaambia watu, "Mnaona? Si nilisema huyu ni tabu?" Anaongeza fimbo, naongeza mchanga. Ungetuuliza nani alianza, kila mmoja angemnyooshea mwenzake kidole, na wote tungeapa kwa Mungu.

Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari. Kaka yangu Hassani, mjomba wako, ndiye aliyeninunulia kitambaa cha sare, cha bluu. Nilikishika, nikakinusa, nikakiweka chini ya mkeka. Wiki hiyo hiyo nikamjibu mama yangu vibaya mbele ya wageni. Hakunipiga. Alikwenda chini ya mkeka, akachukua kile kitambaa, akampelekea fundi, akashonesha foronya. Foronya, Asumini! Sekondari yangu nikawa nailalia, naamka asubuhi shavu lina alama za mshono.

Hapo ndipo nilipoapa. Sikuapa kumpiga, maana anayempiga mama yake hana wa kumzika. Niliapa kumlipa kwa njia ambayo hakuna mzee atakayeniita kunisuta. Nikasubiri. Nikaolewa na baba yako, Mungu amrehemu, mtu mpole asiyejua ameingia nyumba gani. Nikashika mimba yako, na bado nasubiri.

Ulipozaliwa ulilia mpaka ukabadilika rangi. Zahanati tukakupeleka, wakasema mzima. Wazee wakasema lile wanalosema siku zote, mtoto analilia jina, kuna mtu katika ukoo anataka aitwe. Wakakaa, mjomba wako akaanza kutaja majina, moja moja, na kila akitaja wanakuangalia kama utanyamaza. Akataja la mama yake baba yako, unalia. Akataja la shangazi zako, unalia. Ungeachaje kulia? Mimi ndiye niliyekushika, na nilikuwa nimekunyima ziwa tangu wazee wamekaa. Nikangoja. Aliposema "Asumini," nikakupenyezea ziwa chini ya kanga.

Kimya. Vigelegele! Mama yangu akatoa machozi, na mimi sikuwahi kuyaona machozi yake tangu nizaliwe. Akakubusu nyayo, akakuita somo yake.

Desturi unaijua. Mtoto mwenye jina la mama yako humtukani. Unamwita "mama," na hata ukimkanya unamkanya kwa adabu, kwa sababu mwenye jina yupo anasikia. Watu wote wakasema, afadhali, Tabu na mama yake sasa wamepatana. Kumbe mimi nimepata mdomo.

Nyumba yake ilikuwa pale nyuma ya jiko, ukikohoa jikoni yeye anasema "pole." Nilianza ulipoanza kutambaa. Umemwaga maji: "Asumini, huna akili tangu uzaliwe!" Umechafua kanga: "Asumini, ndiyo maana mume alikukimbia!" Mtoto wa mwaka mmoja, ana mume gani? Wapita njia wakacheka, wakadhani ni utani, maana watu wa huku na utani hatuachani. Kule nyuma ya jiko, kimya. Kimya kile kilikuwa kitamu kuliko asali. Kisasi ni kitamu, mwanangu, asikudanganye mtu. Nilikuwa namtukana mama yangu mzazi mchana kweupe na hakuna wa kunigusa, kwa sababu mimi nilikuwa namkanya mtoto.

Nawe ulipoota meno, uliyatumia. Alama iliyopo mkononi kwangu, hii ya karibu na kiwiko, ambayo huwa naambia watu ni ya kuungua, ni meno yako. Nikakupiga kwa sababu umening'ata, ukaning'ata kwa sababu nimekupiga. Na sikiliza, sitaki ujione malaika kwenye barua hii. Ulikuwa mtoto mgumu! Ulimrushia mtoto wa jirani jiwe la kubangulia korosho. Ulifunga mdomo wa mbuzi wa watu kwa kamba ukamwacha hivyo kutwa nzima. Ulipokuwa darasa la pili mwalimu akaniita, akaniambia umemng'oa mwenzako jino kwa sababu alikuita kwa nguvu. Hakukutukana, alikuita jina lako tu.

"Mama Asumini," mwalimu akasema, "mtoto huyu ana hasira za mtu mzima. Kazitoa wapi?"

"Kwa bibi yake," nikamwambia. "Damu haipotei."

Nikarudi nyumbani nikakuchapa kwa ajili ya lile jino. Kila fimbo nilitaja jina lako, na sauti nikaielekeza nyuma ya jiko.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Nilianza kukuogopa. Nilikuwa nakuchapa na wewe hulii, unanikodolea macho makavu, unasubiri nichoke. Nikawa nakuwahi. Nakuchapa kabla hujafanya kosa ili usipate nafasi ya kulifanya. Ukirudi shule unanikuta mlangoni uso nimeshaukunja, na wewe ulikuwa umeshaukunja wako tangu njiani, maana unajua utakachokikuta. Basi kila mmoja akimwona mwenzake kakunja uso anasema, "Si nilijua!" Tumeishi hivyo miaka, mama na mtoto, kama majirani wanaogombea mpaka.

Halafu ukaja unyago wako. Siku chache kabla hamjaingizwa ndani ulinitukana kisimani mbele ya wanawake. Ulisema, "Wewe Tabu, jina lako limekuenea." Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nikasema sawa, nikajitwisha maji yangu, nikaondoka. Siku ya kutoka unyagoni, mama wa kila mwali anatoka anacheza, anamvika mwanawe kanga mpya, watu wanamtunza. Wewe ulitolewa ukakalishwa kwenye mkeka, ukainua macho kunitafuta. Mimi nilikuwa Nachingwea kwa shoga yangu, nakunywa chai. Niliondoka na gari la alfajiri makusudi. Nilikuwa naijua ngoma ile hatua kwa hatua, kwa hiyo kila nikipiga funda najua sasa mmefika wapi, sasa mama wa fulani anatoka, sasa ni zamu ya mama yako. Nikaomba chai nyingine. Moyo wangu ulikuwa baridi.

Wakaja kuniambia kwamba bibi yako ndiye aliyetoka. Na mguu wake ule uliovimba, alicheza, akavua kanga yake mwenyewe ya kujitanda akakuvika, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume. Nilichukia kupita kiasi! Nimekupiga wewe, sifa kazipata yeye.

Nawe ukalipa. Msimu uliofuata ufuta ulikubali kuliko mwaka wowote. Tukaukata, tukaufunga mafungu, tukausimamisha ukauke. Sasa kila mtu wa huku anajua, hata mtoto asiyejua kuvaa suruali anajua, kwamba ufuta uliokauka haugeuzwi bila turubai chini. Ukiuinamisha tu umeumwaga. Nikakuacha ufukuze mbuzi, nikaenda kuazima turubai kwa mjomba wako. Niliporudi nilikuta mafungu yote yamegeuzwa kichwa chini na kupigwa, moja baada ya jingine, na ufuta wa mwaka mzima uko mchangani. Wewe umekaa juu ya kichuguu unatafuna muhogo mbichi. Hata hukukimbia.

"Mama," ukasema, "nimekusaidia kupura."

Mtume! Umewahi kutenganisha ufuta na mchanga wewe? Nilipiga magoti pale nikapepeta na kupepeta mpaka kucha zikachubuka, nikaacha. Mwaka ule tulikula muhogo kwa chumvi, na wewe ulikula huo huo, unatabasamu. Wakati ule nilikuona shetani. Leo nikikumbuka nacheka, Mungu anisamehe. Ilikuwa kazi safi. Mimi mwenyewe nisingeifanya vizuri zaidi.

Nikakufukuza nyumbani kwangu, ukahamia kwa bibi yako nyuma ya jiko. Kumbe huko ndiko nilikokupeleka shule. Nimelijua hilo mwaka jana tu, siku ile tuliyogombana kwa sababu ya sufuria iliyoungua, ukanitolea yote.

"Bibi alishaniambia zamani," ukasema. "Aliniambia, 'Mjukuu wangu, yule hakupigi wewe, ananipiga mimi.' Ulikuwa unampiga mama yako kwa mgongo wangu, mama. Na wewe ulikuwa unajua kuwa mgongo ni wangu."

Nikainua mkono nikuwashe kibao. Ukaudaka hewani. Una nguvu kuliko mimi siku hizi. Tukasimama hivyo, mkono wangu ndani ya mkono wako, na huyu mtoto yuko chini miguuni anatuangalia mmoja mmoja. Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu.

Kwa hiyo mama yangu alijua. Miaka yote ile nilijiona mjanja, naye anajua na hasemi. Siku anakata roho alisema "Asumini," ukaingia wewe, mimi nikabaki mlangoni nimeshika kitasa. Hakuniita. Nilingoja mpaka walipotoka kusema imekwisha. Lile lilikuwa pigo lake la mwisho, na lilinipata sawasawa.

Baada ya matanga ukarudi kulala kwangu, na ulipojifungua, mtoto akalia. Mjomba wako akaja, amezeeka sasa, akaanza kutaja majina. Mimi nilikaa mkabala na wewe. Aliposema "Tabu," nikaona mkono wako unaingia chini ya kanga. Mtoto akanyamaza, wakapiga vigelegele. Ukaniangalia juu ya kichwa cha mtoto, ukatabasamu tabasamu lile la mwaka wa muhogo. Siku ya sufuria ndipo nilipojua kwamba bibi yako alikwambia hata hilo. Maana yake ni kwamba siku ile ya jina lako aliniona. Aliliona ziwa, akajua anadanganywa, akalia machozi hivyo hivyo kwa sababu alilitaka lile jina. Hilo linaniuma kuliko meno yako.

Tangu hapo ni zamu yangu kukaa jikoni kusikia. "Tabu, umeninyima raha maisha yangu yote!" "Tabu, wewe huna huruma!" "Tabu, ukifa sitalia!" Unamwambia mtoto ambaye hajui hata kufunga vifungo. Nachambua mboga, nasikia. Nilistahili, sikatai. Lakini usidhani nilikaa pale nikijuta na kumwomba Mungu. Nilikuwa nasaga meno, nasema, piga, piga, tutaona. Nikawa namwangalia anavyoanza kukuuma vidole, anavyokutupia vijiko, na nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Mwana kidonda, mjukuu kovu, nikasema, huyu atanilipia. Kile kioo chako ulichodhani kimeanguka, hakikuanguka. Alikirushia jiwe baada ya wewe kumchapa, nikamwona, nikamwita ndani nikamlambisha sukari.

Haya, sasa nikwambie kilichotokea wiki hii.

Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya jiko. Amelifunga gunzi la hindi kwa kitambaa, amelifanya mwana, na anamchapa kwa kijiti. "Tabu! Tabu mbwa wewe! Nyamaza! Leo utanitambua!" Nikachuchumaa karibu yake.

"Mjukuu wangu, huyu nani?"

"Tabu."

"Na wewe nani?"

Akaniangalia kama anaangalia mtu mjinga. "Mimi Asumini."

"Si wewe ndiye Tabu?"

"Tabu anachapwa," akasema, akaendelea na kazi yake.

Mimi ni mwanamke mgumu, unanijua. Nimezika mume, nimezika mama, sikuanguka. Pale nilikaa chini kwenye vumbi na nguo yangu safi. Yule mtoto hakuwa ananilipia mimi. Hajui chochote kuhusu foronya wala chai ya Nachingwea wala ufuta. Alikuwa anatafuta upande wa kukaa, na tangu azaliwe tumemwonyesha pande mbili tu, wa kuchapa na wa kuchapwa. Kachagua. Hata mimi ningechagua huo huo. Na wewe uliuchagua kisimani.

Kesho mnakwenda Mtua. Huko sitakuwepo jikoni kusikia, na pengine unajiambia kwamba nisipokuwepo hutakuwa na sababu ya kumtukana kwa jina langu, utaacha. Huachi. Nakwambia kwa sababu mimi sikuacha. Mama yangu kazikwa, kaburi limeota nyasi, nyumba yake imebomoka, na mimi bado nilikuwa nasimama jikoni nakutukana na sauti naielekeza nyuma. Nilikuwa naongea na nani? Mdomo ulishazoea njia.

Nilifikiri nikunyang'anye mtoto. Uwezo ninao. Mjomba wako angesema mjukuu abaki kwa bibi yake, huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mumeo ni kijana wa heshima, asingebisha. Ungepanda bodaboda kesho umebeba begi tu. Ah, kingekuwa kisasi kizuri! Nilikizungusha mdomoni siku nzima kama pipi. Halafu nikajiuliza, akibaki hapa nitamwitaje? Nitajiita mwenyewe siku nzima, nijikemee mwenyewe? Na siku ukija kumtembelea, ukaninunia, ukaondoka, hasira zako nitazimalizia kwa nani? Nilijua jibu kabla sijamaliza kuuliza.

Basi nikafanya jingine. Leo asubuhi bodaboda yako haijafika hata barabara kubwa, nimeshamwita mjomba wako.

"Kaka," nikamwambia, "nataka jina langu."

"Jina gani?"

"Langu. Lile alilopewa mjukuu. Nimelichukua."

"Ala! Tabu, jina si ungo, kwamba unaazimisha unarudishiwa!"

"Mwenye jina si mimi?"

"Ni wewe."

"Nimekufa?"

"Hujafa."

"Basi bado nalitumia."

Akakuna kichwa. "Na mama wa mtoto anasemaje?"

"Mama wa mtoto yuko Ruangwa anasukwa."

Akacheka yule mzee mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. Nyumba yake unaijua ilipo. Miaka yote alikuwa anasikia, kwanza mimi, kisha wewe, na alikuwa akisikia anachukua jembe anakwenda shamba la mbali. "Lete unga," akasema.

Tukamkalisha mtoto kwenye mkeka. Mjomba wako akampaka unga kwenye paji la uso, akasoma dua, akamwita kwa adabu, "Mama, unataka tukuite nani?" Mimi nilikaa mbali, mikono nimeiweka juu ya magoti ionekane. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyempa kitu.

Akasema, "Asumini."

Najua kwa nini kalitaka, na wewe sasa unajua. Kalitaka kwa sababu kwake ndilo jina la mwenye kijiti. Lakini kalichagua mwenyewe, mjomba wako kalitamka mbele ya Mungu, limekwisha. Kwenye kadi ya kliniki libaki Tabu, siwezi kubishana na manesi. Nyumbani ni Asumini. Nimempigia simu mumeo nimemwambia, amesema, "Jina zuri, mama." Maskini, hajui kitu.

Hiki ndicho kisasi changu, na sina kingine. Sikuombi msamaha. Tukianza kuombana hatutamaliza, wewe utaleta ufuta, mimi nitaleta kisima, na pikipiki itakuwa inanguruma nje. Ukiwa na la kunitukana, nipo Nkowe. Njoo usimame uani, niite Tabu, useme yote watu wakisikia. Nitakujibu, sitakaa kimya, sijageuka malaika. Lakini njoo kwangu mwenyewe, uso kwa uso, mgongo wa mtu usiwe katikati yetu.

Huyu, kesho lazima umwamshe mapema. Atagoma. Atarusha mateke, atakuuma, ninamjua, na wewe utakuwa na haraka na mizigo haijafungwa, na mdomo utafunguka kabla ya akili. Sikukatazi. Msimamie pale kwenye mkeka, mumeo akiwa mlangoni anasikia, umwambie lolote linalokuja, kwamba hana akili, kwamba ni mbwa, kwamba akifa hutalia. Lakini anza na jina lake, ulitaje kwa sauti.

Utajisikia.

Ni mimi, Tabu. Hakuna mwingine.